Aliyebeba vita shingoni aaminiwe kwanza

Faranga 566,000. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini kwa mpiganaji wa vita vya ndani vya Burundi aliyekabidhi bunduki na kurudi uraiani, zoezi lilipoanza Desemba 2004. Hesabu ilifuata mshahara wa miezi 18, fedha zikatolewa kwa awamu, na mwenye cheo alipata zaidi. Baadaye ukaja msaada wa vitu wenye thamani ya faranga 600,000: huyu akachukua bidhaa za kuanzishia duka, yule mifugo, mwingine vifaa vya ufundi. Walinzi wa amani, yaani vijana wa vilimani waliopewa silaha na serikali walinde makwao bila mshahara, waliambulia faranga 100,000 kila mmoja.

Kwa kazi ya kunyamazisha bunduki, mpango ule unastahili sifa. Uliendeshwa na tume ya taifa, CNDRR, ndani ya mpango mkubwa wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine uliogusa nchi saba za ukanda wa Maziwa Makuu. Uliwarudisha nyumbani watu zaidi ya 20,000, wakiwemo watoto wapatao 3,000. Mwaka 2009 kundi la mwisho la waasi, FNL la Agathon Rwasa, likageuka chama cha siasa: wapiganaji 3,500 wakaingizwa katika jeshi na polisi, 5,000 wakaenda makwao. Katikati ya mwaka huohuo mpango wa kikanda ukafungwa. Kasoro inaanzia hapo. Mpango wa aina hiyo una tarehe ya kufunga hesabu, na maumivu ya shingo mara nyingi huanza kubisha hodi tarehe hiyo ikiwa imeshapita.

Katika vituo vya kuwapokea, watu walipimwa afya, wakapigwa picha, wakapewa kitambulisho. Aliyekuja bila mguu hakuhitaji kueleza. Burundi ina kituo chake cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya tiba, CNAR, pale Gitega, na aliyekatika mguu au mkono alijua pa kuelekezwa. Aliyekuja akiwa na viungo vyote vinne, anatembea, anasalimia, anatia saini, aliandikwa mzima. Nani angemuuliza kijana wa miaka 22 kama shingo yake inageuka vizuri?

Shingo ina pingili saba. Kati ya pingili na pingili kuna diski laini, na pembeni mwake hutoka neva zinazokwenda begani, mkononi, hadi ncha za vidole. Lori la jeshi likipinduka, bomu likilipuka chini ya gari, mtu akirukia handaki na sanduku la risasi kichwani, shingo hupokea mtikiso ambao siku ile unaweza kuonekana kama maumivu ya kupita. Wiki mbili baadaye anaendelea na kazi. Diski iliyochanika inaweza kukaa miaka kabla ya kuibana neva. Ndipo dalili zinapokuja moja baada ya nyingine: ganzi katika kidole gumba, mkono unaoangusha kikombe, kichwa kisichogeuka kutazama nyuma, usingizi wa kukaa kwa sababu kulala chali hakuwezekani. Ikibanwa sehemu yenyewe ya uti wa mgongo, mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati na huanza kujikwaa pasipo kitu. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa tu. Ili kuiona neva iliyobanwa inahitajika mashine ya MRI, na hiyo haipatikani katika hospitali ya wilaya kandokando ya Tanganyika.

Sasa mchukue mtu huyo umrudishe Rumonge, mji wa Burundi ulio kandokando ya ziwa Tanganyika.

Mwaloni, alfajiri, mitumbwi na katamarani zilizokesha na taa zikirudi, kazi ya kwanza ni ya kichwa. Ndagala hupakuliwa kwenye beseni, ngata hukazwa utosini, watu wawili huinua beseni na wa tatu huingia chini yake. Maji ya samaki humtiririkia shingoni akipanda mchanga kuelekea kwenye vichanja. Upande wa juu wa mji ni michikichi mpaka macho yachoke, na mawese nayo husafiri kwa bidoni. Bidoni la lita 20 likijaa mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, na mpagazi anayelipwa kwa safari hatashika moja ikiwa anaweza kushika mawili. Hata mapumziko ya ziwa hayampi nafuu. Tangu nchi nne zinazozunguka Tanganyika zikubaliane kufunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mtu wa mwaloni huhamia kwenye saruji, mchanga na mihogo kwa miezi hiyo mitatu.

Wengi wa waliotoka vitani katika pwani hii walifanya kazi hiyo kwa kukosa nyingine. Rumonge ni miongoni mwa sehemu za Burundi zenye mivutano mikali ya ardhi. Mauaji yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972 huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, yaliwakimbiza maelfu ya watu kwenda Tanzania. Mashamba yao ya michikichi yakapewa wengine, na waliporudi miongo kadhaa baadaye wakakuta shamba lina mwenyewe mpya mwenye karatasi. Mpiganaji aliyerudi 2005 akakosa shamba, pesa za awamu zikaisha, akaingia mwaloni. Jambo hilo halina fumbo lolote.

Basi tuseme mtu wa namna hiyo, wa kufikirika lakini wa kuaminika, aliingia msituni 1997 akiwa na miaka 15, akabebeshwa risasi na magunia ya unga kutoka mpakani, akatupwa na mlipuko kwenye barabara ya Nyanza-Lac, akarudi uraiani 2005. Miaka kumi na kitu baadaye mkono wake wa kulia hauna nguvu. Anafika ofisini kudai fidia.

"Mzee, unasema shingo uliumia vitani?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Cheti cha hospitali ya wakati ule unacho?"

Hana. Msituni hapakuwa na daktari wa kuandika cheti, na kama aliyemfunga bandeji alikuwa na daftari, daftari hilo liliishia kwenye mvua. Swali la pili huja lenyewe: kazi gani umefanya tangu urudi? Akijibu kweli, kwamba amebeba beseni na bidoni, amejikaanga kwa mafuta yake. Afisa ataandika kwamba shingo imeharibiwa na upagazi. Kitabibu afisa huyo hajabuni kitu. Mwaka 1997 jarida la tiba la Skeletal Radiology lilichapisha uchunguzi uliowalinganisha Waafrika wanaobeba mizigo kichwani na wasiobeba, na wabebaji ndio waliokuwa na pingili za shingo zilizochakaa zaidi, kwa tofauti kubwa. Upagazi huchakaza shingo. Lakini uchunguzi huohuo unaweza kusomwa upande wa pili: kubeba mizigo ya vita tangu utotoni nako huchakaza shingo. Vita vya Burundi vilibebwa kichwani na mabegani kuliko kwenye malori.

Vita vya ukanda huu, kwa kweli, vimekuwa hivyo daima. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji walipoingia Usumbura (Bujumbura ya leo) na Gitega Juni 1916, wakielekea Tabora walikofika Septemba mwaka huo, kila risasi na kila kopo la chakula lilifika huko juu ya shingo ya mtu. Waingereza upande wao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi, bila kuhesabu chakula na mkeka wa mpagazi mwenyewe. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na homa, na mishahara ya waliokufa katika makoloni ya Uingereza kwa sehemu kubwa haikuwafikia ndugu zao, kwa hoja ileile ya ofisi: majina hayasomeki, vijiji havijulikani, karatasi hakuna.

Kuna kisa kimoja cha karatasi ambacho wanahistoria hupenda kukisimulia. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika kampeni ile ya Afrika Mashariki, waliokuwa bado hai, ikafungua dirisha la malipo Mwanza. Wazee wapatao 350 walijitokeza. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walileta vipande vya sare kuukuu, wengi hawakuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba mhasibu aliyekuja na fedha akawapa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Kisa hicho kina harufu ya dharau, wazee kuchezeshwa gwaride na ufagio ili walipwe haki yao, na ni vigumu kukicheka sana. Hata hivyo mhasibu yule alielewa jambo ambalo ofisi nyingi za leo hazijalielewa: cheti kikikosekana, ni kazi ya mlipaji kutafuta njia nyingine ya kujua ukweli.

Marekani ilijifunza hilo kwa moto. Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis liliungua na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, mengi ya waliotumikia jeshi la nchi kavu kuanzia 1912 hadi 1960. Mahakama za huko baadaye zikaweka kanuni kwamba faili lililopotea mikononi mwa serikali huiongezea serikali wajibu wa kusaidia na kueleza uamuzi wake. Askari hawezi kuadhibiwa kwa moto ambao hakuuwasha. Tangu 1941 sheria yao pia inasema kwamba aliyepigana vitani akieleza jinsi alivyoumia, na maelezo yakalingana na mazingira ya vita alivyokuwemo, yakubaliwe hata bila rekodi rasmi, mpaka upatikane ushahidi mzito wa kuyapinga. Mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Nicholson, mahakama ya rufaa ikaongeza kwamba ushahidi wa ndugu wa askari na wenzake kikosini hauwezi kutupwa kwa sababu tu hakuna hati ya daktari ya wakati ule.

Je, msitu wa Burundi ulikuwa na faili la kuungua? Haukuwa nalo tangu mwanzo. Ndiyo maana hoja hii ni nzito zaidi hapa kuliko St. Louis.

Sheria za nchi nyingine zimegawana njia juu ya nani abebe mzigo wa kuthibitisha, na inafaa kuzitazama kwa sababu Burundi imerithi sehemu kubwa ya fikra zake za kisheria kutoka upande wa Ubelgiji na Ufaransa. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 31 Machi 1919, iliyotungwa nchi ikiwa imejaa vilema wa vita, iliweka dhana kwamba jeraha au ugonjwa ulioonekana ndani ya muda maalumu umetokana na utumishi mpaka serikali ithibitishe vinginevyo. Uingereza, kwa walioumia kabla ya tarehe 6 Aprili 2005, ina utaratibu wa ukarimu usiotarajiwa kutoka kwa wahasibu wa London: ukidai ndani ya miaka saba tangu utoke jeshini, huna cha kuthibitisha wewe, ni serikali inayotakiwa kuonyesha pasipo shaka kwamba jeshi halikuhusika. Baada ya miaka saba dai bado linapokelewa, ila sasa wewe ndiye unayeleta ushahidi wa kutia shaka. Kwa walioumia baada ya tarehe hiyo ya 2005 sheria ilibanwa, mzigo ukahamia kwa askari na miaka saba ikawa ukomo wa kawaida wa kudai. Hazina husinyaa hata katika nchi tajiri.

Marekani imechukua njia ya kati: ushahidi wa pande mbili ukikaribiana uzito, faida ya shaka humwendea askari na dai hupita. Daktari hatakiwi kuapa kwamba mlipuko ndio ulioharibu shingo. Anatakiwa kusema kama uwezekano huo ni angalau nusu kwa nusu. Kwa mtu wa mwaloni wa Rumonge kanuni hiyo ingekuwa tofauti kati ya kufunguliwa mlango na kufungiwa, kwa sababu vita na beseni vyote viwili vimo shingoni mwake na hakuna mashine duniani inayoweza kuvitenganisha.

Wamarekani wamefika hadi kupima shingo kwa nyuzi. Mtu huinamisha kichwa mbele, kidevu kikielekea kifuani, na kipimapembe huonyesha. Shingo nzima huinama nyuzi 45. Ikiishia kati ya 30 na 40, huhesabiwa ulemavu wa asilimia 10. Kati ya 15 na 30, asilimia 20. Ikishindwa kuvuka 15, asilimia 30. Shingo iliyoganda kabisa katika mkao mbaya ni asilimia 40. Neva zilizobanwa mkononi huhesabiwa peke yake na kuongezwa. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ilimpa askari wa zamani dola 175 na senti kwa mwezi, asilimia 30 dola 537 kwa asiye na wategemezi. Asiyeridhika ana mwaka mmoja wa kuchagua njia: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi alitazame faili upya, au kwenda mbele ya bodi ya rufaa. Utaratibu huo wa njia tatu ulianza kutumika Februari 2019 kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umewazeesha watu kwenye foleni.

Pasiwe na mtu wa kuupamba sana. Kipimapembe hakijui maumivu. Mtu anaweza kuinama nyuzi 40 asubuhi ya uchunguzi na jioni asiweze kuvaa shati, na malalamiko hayo yamejaa mahakamani kwao. Ilibidi ije kesi ya Saunders dhidi ya Wilkie, mwaka 2018, iliyohusu magoti, ndipo mahakama itamke kwamba maumivu yanayompunguzia mtu uwezo wa kufanya kazi yanaweza kuwa ulemavu hata daktari asipoweza kuyapa jina la ugonjwa. Kabla ya hapo, "naumwa" peke yake ilirudishwa mlangoni kwa miaka karibu 20. Lakini utaratibu wenye kasoro unaoweza kushtakiwa ni bora kuliko huruma isiyo na anwani. Marekani ilianza 2007 kupokea wakimbizi wa Burundi wa 1972 kutoka makambi ya Tanzania, wengi wakiwa na asili ya pwani hii. Kijana wa familia hizo akivaa sare ya Marekani na kuumia shingo, ana nyuzi zake, asilimia zake na mwaka wake wa rufaa. Binamu yake aliyebaki na kupigana nyumbani ana bidoni.

Burundi haianzi kutoka sifuri. Iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kulinda haki hizo. Zipo taasisi za hifadhi ya jamii zinazojua kukokotoa ulemavu wa mfanyakazi aliyeumia kazini. Lipo hata shirika la wapiganaji wa zamani wenyewe, CEDAC, lililowaketisha pamoja watu waliokuwa wakiwindana. Jeshi jipya, FDN, lililoundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, liliwachanganya waliokuwa askari wa serikali na waliokuwa waasi katika mabweni mamoja, jambo ambalo wengi nje ya Burundi walisema haliwezekani. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa na fomu ya shingo.

Na haja haijaisha na vita vya ndani. Burundi ilipeleka wanajeshi wake Somalia kuanzia Desemba 2007, wa pili baada ya Uganda, wakakaa huko miaka 17, hadi ujumbe wa Umoja wa Afrika, ATMIS, ulipofikia mwisho Desemba 2024 na Burundi isiwemo katika ule uliofuata. Huko hali ni nyingine: kofia ya chuma, fulana ya kuzuia risasi, na magari yanayorushwa na mabomu ya barabarani, mambo ambayo yote huishia kwenye pingili za shingo. Aliyekufa alikuwa na bei iliyojulikana, dola 50,000 za fidia kwa familia, na aliyepata ulemavu wa kudumu alistahili fidia pia. Lakini ulemavu upi, uliopimwa lini na nani? Hata mshahara wenyewe uliwahi kukwama karibu mwaka mzima, Umoja wa Ulaya na serikali ya Bujumbura walipovutana baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015 nchini juu ya fedha hizo zipitie mkono gani, mpaka ikakubaliwa mwanzoni mwa 2017 zipitie benki ya biashara. Ikiwa dola za mwezi, zenye orodha na namba ya akaunti, ziliweza kukwama hivyo, dai la shingo lisilo na faili lina safari ndefu zaidi.

Watu wa hazina wana hoja mbili, na zote ni za haki. Ya kwanza ni fedha: nchi inayopanga foleni za mafuta ya magari itatoa wapi pensheni ya kila shingo? Ya pili ni uongo: mlango ukiwa wazi, kila mpagazi wa Rumonge atakuwa mpiganaji wa zamani. Hili la pili ndilo jepesi kulijibu. Waliotoka jeshini na msituni wana orodha. Walipigwa picha na kupewa vitambulisho katika vituo vilevile vya 2004 na kuendelea. Swali la nani alikuwa mpiganaji limeshajibiwa kwa wengi wao, lililobaki ni la nini kilimpata. Hapo mashahidi wawili waliokuwa kikosi kimoja, wakihojiwa mbalimbali kuhusu siku na mahali, wanatosha kufichua mwongo kwa haraka kuliko cheti kinachoweza kununuliwa. Kuhusu fedha, haidaiwi pensheni ya Marekani. Mtu mwenye mkono unaopooza anahitaji kwanza kipimo cha MRI kisichomfilisi, nauli ya kilomita 75 hivi za barabara ya ziwa kwenda Bujumbura na kurudi, mazoezi ya tiba, na kiasi cha kumwezesha kuacha beseni kabla uti wa mgongo haujabanwa kabisa. Aliyefika hapo pa mwisho hugeuka mzigo wa familia nzima: mke au binti huacha shamba ili kumlisha, na gharama hiyo hazina haiioni kwa sababu haipiti kwenye vitabu vyake.

Wapo watakaosema pia kwamba fidia kwa wapiganaji ni matusi kwa raia waliochomewa nyumba na hao hao wapiganaji. Maumivu hayo ni ya kweli na hayana jibu la sentensi moja. Itoshe kukumbuka wale watoto wapatao 3,000 waliotolewa vikosini, waliokuwa wametwishwa mizigo ya watu wazima mifupa yao ikiwa bado inakua. Leo ni watu wazima wa miaka 30 na zaidi, umri ambao diski huanza kulipiza. Ni nani kati ya hao aliyechagua?

Nchi moja ya Afrika Mashariki imeshasogea: Kenya ilitunga mwaka 2022 sheria ya maslahi ya wanajeshi wake wa zamani. Burundi inaweza kuanza na kitu kidogo kuliko sheria mpya, na kianzie pwani hii ambayo sasa imo katika mkoa mpya wa Burunga. Muuguzi wa hospitali ya Rumonge hahitaji MRI ili kujaza ukurasa mmoja: shingo inainama nyuzi ngapi, inageuka ngapi kulia na kushoto, vidole gani vina ganzi, mkono upi umepungua nguvu, mtu alibeba nini vitani na tangu umri gani, alitupwa na mlipuko wapi, nani alikuwa naye. Kipimapembe cha plastiki kinapatikana kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi. Ukurasa huo ukigongwa muhuri na nakala moja ikabaki kwa mwenyewe, dai lina tarehe ya kuanzia, na akikataliwa ana kitu cha kukatia rufaa. Waliorudi kutoka Somalia wanaweza kupimwa sasa, wakati majina ya wenzao bado wanayakumbuka na makamanda wao bado wako kazini wa kuulizwa.